Ng'ombe wa Limi na Mvua za Watu Wengine

Mama mkwe wangu, Limi binti Bujiku wa Samuye, hakununua dagaa kabla ya kumsikiliza. Alimchukua mmoja kwenye sinia, akamsogeza sikioni, akamvunja. Akilia ka! kama kijiti cha kiangazi, Limi alijua Nkome, alikovuliwa, kuna jua. Akipinda bila kulia, alijua mvua imekwisha anza kule ziwani, maana dagaa wa Nkome huanikwa mchangani, na mchanga uliolowa haukaushi kitu. Hapo ndipo alipomtia mdomoni, akamtafuna polepole, macho yako mbali, na muuzaji amekwisha nuna.

Muuzaji mwenyewe aliitwa Mwahija, mwanamke wa Kiislamu wa mjini Shinyanga. Wazee wake walikuwa Wazaramo waliokuja bara na reli, na Mzaramo na mtu wa huku ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo hakuna neno ambalo hawa wawili hawakuambiana.

“Mtani, leo umevunja watatu,” Mwahija alimwambia. “Ukifa nitakuja kwenye matanga yako na sinia, nidai samaki wangu.”

“Nikifa utakosa wa kukuambia dagaa wako wamenyeshewa. Hawa wanapinda. Nkome mvua imeanza.”

“Umejuaje, wewe mtu wa vumbini? Ziwa lenyewe umeliona lini?”

“Nimeliona,” Limi alijibu. “Ndiyo maana najua.”

Ziwa alikuwa ameliona mara moja tu, na safari hiyo ilimuuma. Mwanawe wa kwanza alichumbia Nkome. Mume wa Limi alikuwa hai bado, lakini mwenye kauli juu ya ng'ombe wa ukoo alikuwa Maduhu, kaka mkubwa wa mumewe, mtu mrefu, mpole kwa watoto, mkaidi kwa watu wazima. Maduhu alifuata desturi ya Samuye: ng'ombe wa mahari hawatoki zizini kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Desturi hiyo ina akili yake. Mwisho wa kiangazi Samuye ni vumbi tupu, malambo yamebaki tope, mbavu za ng'ombe unaziona ukiwa barabarani, na kumpeleka ng'ombe wa namna hiyo kwa wakwe ni kujitukana mwenyewe. Mvua ikishuka, majani yakachipua, ng'ombe wakajaa, ndipo watu huondoka wakiimba.

Wakaondoka wakiimba. Lakini mvua iliyokuwa ikianza Samuye, upande wa ziwa ilikuwa imekwisha zoeleka. Walipokaribia Geita, mbuga zote za udongo mweusi zilikuwa uji. Ng'ombe wawili walizama mpaka tumboni, wakafa wamesimama. Waliobaki walifika Nkome kwato zimeoza, wanachechemea, na shangazi za bibi harusi wakauliza kama hao ni ng'ombe wa mahari au ni wagonjwa wanaotafuta zahanati. Maduhu alisema ni uchawi. Limi hakubisha. Ila aliona wanawake wa Nkome wanavyokimbizana kuwaingiza dagaa ndani kila wingu linapotanda, akamuuliza mmoja wao mvua hii imeanza lini. Alipojibiwa akawakumbuka dagaa aliokuwa akiwanunua mwishoni mwa kiangazi. Walikuwa wakipinda. Mvua ya ziwani ilikuwa imemfuata mpaka jikoni kwake Samuye, naye akaila na ugali bila kuisikia.

Tangu hapo alikuwa na neno lake: “Nchi ni moja, mbingu ni nyingi.” Akaanza kuulizauliza watu. Aliyerudi kutoka Bukoba aliulizwa kule mwezi wa nne, kwa mvua ile, watu wanatokaje nje. Askari mmoja aliyekuja likizo kutoka Mbeya alimweleza kwamba mwezi wa sita, asubuhi, majani huko huwa meupe kwa baridi. Limi alimtaka aape. Kwa Mwahija alijifunza kuwa pwani wana mvua mbili kwa mwaka, ya vuli na ya masika, jambo hilo likamsikitisha kabisa. “Wenzetu wana mvua ya kuchezea,” alisema.

Sasa niingie mimi. Naitwa Justa, mtoto wa Ignas, mkulima na mzee wa kanisa pale Ushirombo. Sisi ni Wasumbwa. Nilisomeshwa na masista mpaka darasa la nne, darasa la nne la wakati ule, ambalo mtu alitoka akijua kusoma, kuandika, kushona na kunyamaza panapostahili. Masele, mwana wa mwisho wa Limi, alikuja Ushirombo kujifunza useremala misheni. Yeye ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, na benchi letu sisi wasichana alilipiga randa kila Jumamosi mpaka likawa linateleza.

“Huyu kijana anataka muanguke,” baba yangu alisema.

Hakujua kuwa mmoja alikuwa amekwisha anguka.

Mwaka wa sabini na mbili wazee wa pande mbili walikuwa wameshaonana na maneno yamekubalika. Ila mambo yalikawia. Baba yake Masele alifariki, na ukoo wa Samuye haukuweza kutaja harusi mpaka matanga yaishe na mavuno yapite. Katika kukawia huko akajitokeza Gregory, kijana wa Geita aliyekuwa akichekecha mchanga wa dhahabu kwenye mabaki ya mgodi uliofungwa. Gregory hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alikuja na baiskeli mpya, redio imefungwa kwenye usukani inaimba, na kila alipokuja alimletea mama sukari. Ng'ombe angewanunua hapo hapo Ushirombo, wakavuka ua mmoja kuingia ua mwingine, bila safari.

Siku moja alinikuta kisimani. “Justa,” akasema, “hao ng'ombe wa Samuye wanakuja kwa miguu au wanatambaa?”

“Wanakuja kwa adabu,” nikamjibu. “Wa kwako watakuja wakiimba redio?”

Alicheka, na mimi nikajitwisha ndoo yangu. Lakini neno lake lilinichoma, kwa sababu baba naye alikuwa ameanza kuuliza hilo hilo kwa namna ya kizee. Haukupita muda akamwita Masele barazani.

“Mwanangu, sikukatai,” baba akamwambia. “Lakini sitaki binti yangu akae kwenye midomo ya watu mwaka mzima. Padri hafungi ndoa wakati wa Majilio, wala Kwaresima. Nataka sikukuu ya Watakatifu Wote iwakute ng'ombe zizini kwangu. Hapo Padri atatangaza Jumapili zake tatu, mtafunga ndoa kabla ya Majilio. Wasipofika, huyu bwana wa Geita nitamsikiliza.”

Kwa baba ilikuwa siku ya upole kabisa. Kwetu Ushirombo, Watakatifu Wote inapofika mvua imekwisha fungua, msitu umechipua, ng'ombe ana raha zake. Hakuwahi kufika Samuye. Hakujua kwamba siku hizo hizo ng'ombe wa Samuye anatamani majani ya paa. Masele alijua, lakini mkwe habishiwi. Alikuja kunitafuta nyuma ya ghala, uso umemshuka.

“Baba yako amenipa siku ya Ushirombo,” akaniambia, “na ng'ombe wangu wanaishi Samuye.”

Kesho yake akapanda lori kwenda kwao. Mimi nikabaki na redio ya Gregory.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Limi mwenyewe, mara nyingi, Maduhu akiwa pembeni akisahihisha pale tu hadithi ilipomwonea.

Maduhu aliposikia siku aliyoitaka baba, alitikisa kichwa. “Haiwezekani. Mvua haijanyesha. Tukiwatoa sasa wataanguka hata Tinde hawajaiona. Na wakifika, wakwe watasema tumewaletea vichanja vya kuanikia vyombo.”

“Shemeji, mvua ya nani haijanyesha?” Limi akauliza.

“Mvua! Mvua ina mwenyewe?”

“Ya Samuye haijanyesha. Mimi nauliza ya Ushirombo.”

“Mama Masele, usianze. Mvua ni ya Mungu, inatoka juu inakuja chini. Watemi wa zamani walipoiomba, waliiombea nchi nzima.”

“Na ile ya Nkome waliiomba kina nani? Maana ilitutangulia.”

Maduhu hakupenda kukumbushwa Nkome. Akanyanyuka kwenye kigoda. “Niletee mvua ya Ushirombo niione kwa macho yangu haya, nitafungua zizi siku hiyo hiyo. Bila hivyo ng'ombe hawatoki.”

Alilisema hilo kama mtu anayefunga mlango na kuweka gogo. Masele alitoka nje akakaa akichonga kijiti, akakichonga mpaka kikaisha. Mama yake alipita mbele yake na kapu kichwani.

“Mayu, unakwenda wapi?”

“Sokoni. Baba yako mkubwa ameagiza mvua.”

Akaenda mpaka mjini Shinyanga, moja kwa moja kwa Mwahija. Dagaa walipinda, kwa hiyo ziwani mvua ilikuwa tayari. Lakini Nkome si Ushirombo, na Limi hakutaka kubahatisha mara ya pili.

“Leo hununui, mtani?”

“Leo natafuta Msumbwa.”

“Wa kukuoa?”

“Nikimpata anayefaa nitakuletea wewe, labda atakufundisha kuanika samaki.”

Mwahija alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kanga, kisha akamwonyesha wauza asali waliofika na lori asubuhi ile, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Limi akawaendea, akasalimu, akaonja asali ya huyu na ya yule. Kando ya madebe aliona kikapu kidogo kimefunikwa kwa jani bichi. Kilikuwa chakula cha njiani cha mzee mmoja. Akaomba aone. Ndani walikuwamo kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi.

Mtu wa huku hahitaji maelezo, ila wajukuu zangu waliozaliwa Dar es Salaam niwaeleze: kumbikumbi haruki kiangazi. Anangoja mvua ya kwanza ilowanishe kichuguu, ndipo hutoka kama moshi, na watoto wakakimbia na ungo. Ukimwona mtu ana kumbikumbi wapya, ujue kwake kumenyesha.

“Shikamoo baba. Hawa umewapata wapi?”

“Marahaba. Nyumbani, Ushirombo. Wametoka majuzi, mke wangu alijaza debe.”

“Niuzie.”

“Hawauzwi, mama. Ni wa kula njiani.”

“Nina mtoto anaoa kwenu, na baba yake mkubwa hataki kutoa ng'ombe mpaka aione mvua yenu.”

Yule mzee alimtazama, akatazama kikapu, akaanza kucheka kimya kimya, mabega tu. Akamfungia konzi mbili kwenye jani. “Mpelekee. Na umwambie awahi. Msituni majani yamechipua pale palipochomwa moto, na mito bado mikavu. Lakini mvua ya pili haitachelewa. Mito ya kwetu ikishajaa, haimjui bwana harusi.”

Limi akarudi Samuye, akaweka lile jani juu ya ungo mbele ya shemeji yake. “Mvua ya Ushirombo hii hapa.”

Maduhu akamwinua mmoja, akamgeuza kwenye jua, akamla. Akamla wa pili. “Hawa ni wa mwaka jana,” akasema huku anatafuna.

“Wa mwaka jana hunuka moshi wa darini. Hao wananuka nini?”

Akala wengine, kwa uchunguzi zaidi.

“Baba mkubwa,” Masele akasema, “ushahidi unaisha.”

Hapo hata Maduhu alicheka. Alikuwa mkaidi, lakini neno lake lilikuwa neno. Akaenda kuondoa miti ya mlango wa zizi, huku ananung'unika kwamba katika maisha yake hajawahi kuonyeshwa mvua ya kukaangwa.

Sasa mjue Limi hakuwa amekaa bure miezi ile ya matanga. Usukumani kila mji wenye watu makini una ngitili, yaani kipande cha nchi kisicholishwa tangu masika, majani yake yakasimama makavu yakitunzwa kwa miezi ya mwisho ya njaa ya mifugo. Kumfungulia mtu ngitili yako ni kama kumpa unga wa mwisho wa kibuyu. Limi alikuwa ametuma salamu kwa ndugu waliokaa njiani, dada yake wa Tinde, binamu yake wa karibu na Isaka, na wengine wa ukoo wa Bujiku, akiomba kwa kila mmoja malisho ya siku moja tu. Siku moja haimnyimi mtu usingizi. Wote walikubali.

Hivyo safari akaikata kama mtu akatavyo kitambaa cha gauni. Kipande cha kwanza ni kiangazi: watatembea asubuhi na mapema, jua likipanda ng'ombe wako ndani ya ngitili ya ndugu. Kipande cha pili, baada ya Kahama, ni msitu uliochomwa wenye majani mapya: hapo hakuna haraka, ng'ombe wale, wajaze mbavu. Kipande cha mwisho ni mvua yenyewe, na hapo ni kuwahi tu.

Na akasema anakwenda mwenyewe. Mwanamke kuswaga ng'ombe wa mahari! Majirani walitoka kutazama.

“Mama Masele, wewe ndiye unayeoa?”

“Ng'ombe wana wenyewe,” akawajibu. “Mimi naangalia mbingu.”

Maduhu alivaa koti lake refu jeusi, la Mwanza, la enzi za Mwingereza, ambalo alilivaa kwa wakwe tu. Kabla ya Tinde jua lilikuwa limemvua. Akalikunja akalibeba kichwani, akawa mtu asiyeweza kulivaa wala kuliacha. Walitembea watatu, yeye, Masele na Limi, na mambo yakawa kama yalivyokatwa. Mpaka Isaka ng'ombe walikwenda wameinamisha vichwa, lakini hakuna aliyeanguka. Walipoiacha Kahama nyuma wakaingia msituni, Maduhu akaanza kusimama kila mara. Miti ilikuwa imevaa majani mapya mekundu kama shaba, na chini, kwenye majivu, nyasi laini zimetoka.

“Hii miti inakunywa wapi?” akauliza.

“Muulize mwenyewe,” Limi akamjibu. “Wewe si ndiye unayejua mvua ni moja?”

Kulikuwa na mbung'o, na Maduhu alitembea na kigae cha mavi ya ng'ombe yanayofuka moshi kuwafukuza. Ng'ombe walikula. Mbavu zikaanza kufunikwa. Masele alisema alikuwa akiziangalia mbavu zile kama mtu anavyoangalia uji unaochemka.

Ushirombo ilipokuwa karibu, wakafika kwenye mto wa mchanga. Hapa ndipo Maduhu alipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu asingelifanya, na mtu wa Samuye asingeacha kulifanya. Kwa mtu wa Samuye mto ni kitanda cha mchanga. Ndipo mahali pa kupumzisha ng'ombe: mchanga umepoa, mbung'o hawapo, na ukichimba unapata maji. Kwa hiyo akawashusha ng'ombe wote mtoni. Mbingu juu yao ilikuwa safi kama sahani. Akatundika koti kwenye kisiki katikati ya mto, akapiga magoti kuchimba kisima, Masele naye akajilaza kidogo.

Limi alikuwa bado yuko ukingoni, anaitoa miiba kwenye kanga yake. Akaangalia kisima.

“Shemeji, umechimba saa ngapi?”

“Sijachimba. Nimekwangua tu.”

Lakini shimo lilikuwa limejaa. Kisima cha mchangani, kwao, unakingoja kama unavyomngoja mkwe: unakaa, unakohoa, maji yanakuja kwa kujisikia. Haya yalikuwa yamekuja bila kuitwa, nayo yalikuwa mekundu. Limi akainua macho, akatazama mto unakotoka. Mbali kabisa, kilima kimoja kilikuwa hakionekani. Mahali pake palikuwa peusi toka juu mpaka chini.

“Watoeni ng'ombe!” akapiga kelele. “Watoeni, ng'ambo!”

“Mbingu nyeupe hivi?” Maduhu akasema.

“Hiyo ni mbingu yetu. Mto huu una mbingu yake!”

Masele alikuwa amekwisha simama. Ukingo waliotokea ulikuwa karibu zaidi, na ng'ombe walitaka kurudi huko, lakini Limi aliingia mchangani akawazuia kwa kanga, kwa maana kurudi ni kubaki upande usio na mchumba, mto umejaa, na Watakatifu Wote inapita wakiitazama. Wakawasukuma ng'ambo. Walipodhani wote wamepanda, Maduhu akakumbuka koti. Akarudi mbio. Njiani akakuta mtamba mmoja mweupe amelala chini, katikati kabisa, anacheua, hana habari. Na sasa ilisikika sauti, kama lori linalopanda mlima.

Koti liko hatua chache mbele, mtamba yuko miguuni. Maduhu aliliangalia koti mara moja tu. Akaupinda mkia wa mtamba, akamng'ata, Limi anaapa kwamba alimng'ata, na mtamba akaruka akakimbia ng'ambo, mzee nyuma yake. Maji yakaja yamebeba miti. Koti likaondoka limesimama wima, mikono imetanda, kama mtu anayewaaga watu wengi.

Walikaa ukingoni, wote watatu, wanahema. Maduhu akayatazama maji yanayopita.

“Ile ya Nkome,” akasema mwishowe, “haikuwa uchawi.”

“Najua, shemeji.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungesikia?”

Akafikiri. “Hapana,” akasema.

Siku moja kabla ya sikukuu nilikuwa uani napepeta mtama. Gregory yuko barazani na baba, redio inaimba. Nikasikia kengele ya ng'ombe, kisha mluzi wa Masele, ambao ningeutambua hata sokoni. Ungo uliniponyoka. Shangazi zangu walitoka nje wakiwa na maneno yao tayari, maana kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi bila kusimangwa kwanza. Wakajipanga mlangoni pa zizi. Ng'ombe wa kwanza akapita, manyoya yanang'aa. Wa pili. Yule mtamba mweupe akapita kama bibi harusi mwenyewe. Shangazi wakatazamana; maneno yamewakaukia. Ndipo wakamwona Maduhu, shati limejaa tope, kola imeng'oka.

“Aka!” shangazi mkubwa akapata pa kuanzia. “Ng'ombe wamevaa vizuri kuliko mwenye nao!”

Vicheko vikatanda. Maduhu akainamisha kichwa, mtu mrefu yule, na nikaona ameumia.

Baba hakucheka. Aliwazunguka ng'ombe, akawapapasa mgongoni mmoja mmoja, akawafunua midomo. Akamgeukia Limi, aliyekuwa amepiga goti kumsalimu.

“Mkwe, kiangazi chote hiki, hawa wamekula wapi?”

“Njiani, mkwe wangu. Kidogo kwa ndugu zangu, kidogo kwa Mungu.”

Masele akaeleza habari ya mto na koti. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Alitoka na koti lake la kanisani, la kijivu, akamvika Maduhu kwa mikono yake. “Mzee mwenzangu hazungumzi mahari akiwa na shati,” akasema. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko. Maduhu alilivaa hivyo hivyo mpaka kufa kwake, na hakukubali lirefushwe.

Gregory alizima redio. Akampa Masele mkono, kiungwana, kisha akamgeukia Limi. “Mama, na Geita mvua itaanza lini?”

“Imeanza, mwanangu. Kimbia ukafunike mchanga wako.”

Padri alitangaza Jumapili zake tatu, na tukafunga ndoa kabla ya Majilio. Tulipotoka kanisani mvua iliporomoka. Watu wa kwetu wote walirudi ndani mbio, shangazi wameshika vilemba. Nje walibaki wawili, Limi na Maduhu katika lile koti fupi, nyuso zimeelekea juu, wanacheka.

“Mkwe, mnalowa!” baba aliwaita kutoka mlangoni.

“Ndiyo!” Limi akaitikia.

Baba akatazama viatu vyake. Kisha akatoka.

Siku ya soko iliyofuata Limi aliniomba nimsindikize. Nilidhani anataka kununua zawadi za kurudi nazo. Akapita asali, akapita mihogo, mpaka alipomwona mwanamke aliyekuja na lori la Shinyanga, anauza michembe, vile viazi vitamu wanavyovikata na kuvianika juani kule kwao. Akachukua kipande kimoja, akakisogeza sikioni, akakivunja.

Ka!

“Samuye bado kukavu,” akaniambia, akatia nusu mdomoni na nusu nyingine akanipa mimi. “Bado sina shamba la kuwahi kulima. Twende nyumbani, mkwe, unionyeshe mnavyopika huo mtama wenu.”